Kovu la moto: Miti ya kando ya Ziwa Mweru inakumbuka nini?

Ifikapo Septemba, jua linalotua ng'ambo ya Ziwa Mweru, upande wa Kongo, huonekana jekundu kabla halijagusa maji. Moshi wa nyika zinazoungua hutanda juu ya Nchelenge na Kashikishi, majivu mepesi ya nyasi hudondoka kwenye nyavu zilizoanikwa, na usiku mistari ya moto huonekana ikipanda miinuko iliyo mashariki ya ziwa.

Moshi huo huja na swali lilelile kila mwaka: nani amewasha moto? Wapo wanaomtaja mwindaji, wapo wanaomtaja mchoma mkaa, na wapo wanaomtaja mkulima anayesafisha shamba. Na mahali palipo na wenyeji na wageni, kama wilaya ya Nchelenge ambako makazi ya wakimbizi ya Mantapala yalifunguliwa mwanzoni mwa mwaka 2018 kwa watu waliokimbia mapigano katika mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika, kidole huelekezwa kwa mgeni kwa urahisi.

Jibu la swali hilo lina uzito. Ndilo linaloweza kuamua nani aruhusiwe kuingia msituni, shamba lisafishwe kwa njia gani, na moto uzuiwe kabisa au uwashwe kwa mpango. Hata hivyo, kumbukumbu za watu hutofautiana. Mzee mmoja atasema msitu umekuwa ukiungua tangu enzi za mababu. Mwingine atasema alipokuwa mtoto msitu ulikuwa mnene na moto haukufika huko. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli.

Yuko shahidi mwingine, asiyesema lakini aliyekuwapo: mti wenyewe. Katika misitu ya baridi ya kaskazini mwa dunia, kuanzia Uswidi na Siberia hadi Kanada, wanasayansi wamejifunza kusoma historia ya moto ndani ya miti, kwa kurudi nyuma karne kadhaa, mwaka hadi mwaka. Je, njia hiyo inaweza kutumika kando ya Mweru? Inaweza, kwa kiasi. Na lile ambalo mti wa Mweru hauwezi kulisema ndilo linalowahusu zaidi wakazi wa leo.

Jinsi mti unavyotunza jeraha

Chini ya gome la mti kuna tabaka jembamba lililo hai. Tabaka hilo hutengeneza mbao mpya upande wa ndani na gome jipya upande wa nje. Moto wa nyasi unapopita, ndimi zake huzunguka shina na kukaa kwa muda mrefu zaidi upande uliokingwa na upepo. Huko ndiko joto linakokuwa kali zaidi. Likipenya gome, sehemu ya tabaka hilo hufa, ingawa mti wenyewe unaweza kuendelea kuishi miaka mingi.

Mwaka unaofuata, sehemu zilizobaki hai pande zote mbili za jeraha huanza kukua na kujikunja kuelekea katikati, kama midomo inayotaka kufumba. Jeraha likifunikwa kabisa, kovu hubaki limefichwa ndani ya shina. Moto mwingine ukipita kabla halijafunikwa, mbao kavu iliyo wazi huwaka kwa urahisi na jeraha la pili huongezwa juu ya la kwanza. Ndiyo maana msonobari mmoja mkongwe wa kaskazini unaweza kuwa na uwazi wa pembetatu chini ya shina lake, na ndani ya uwazi huo makovu kadhaa yaliyopangana, kila moja likiwa la moto wake.

Kovu peke yake halina tarehe. Tarehe hutolewa na pete za mti, yaani ile mistari ya mviringo inayoonekana gogo likikatwa. Mahali penye msimu mmoja wa kukua na msimu mmoja wa kupumzika, mti huongeza pete moja kila mwaka. Mtafiti huchukua kipande cha kisiki au cha mti uliokufa, hukisugua kwa msasa wa kukwaruza kisha kwa msasa laini zaidi na zaidi hadi kila pete ionekane chini ya hadubini, kisha hutafuta kovu limeanzia kwenye pete ipi.

Kuhesabu pekee hakutoshi. Katika mwaka wa shida mti unaweza kukosa kutengeneza pete upande mmoja wa shina, na katika mwaka mwingine unaweza kutengeneza mstari wa ziada unaofanana na pete kamili. Suluhisho lilipatikana Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 kupitia kazi ya Andrew Ellicott Douglass, mtaalamu wa nyota aliyeanza kuchunguza miti ya Arizona ili kupata habari za hali ya hewa ya zamani. Aliona kwamba miti ya eneo moja hufuata mpangilio mmoja: mwaka wa ukame huacha pete nyembamba katika miti mingi, na mwaka wa neema huacha pete pana.

Ni sawa na kulinganisha madaftari ya wanafunzi wa darasa moja. Somo ambalo mmoja hakuliandika kwa kuwa alikuwa mgonjwa litapatikana katika daftari la mwenzake. Kwa kulinganisha miti mingi, pete iliyokosekana hugunduliwa, na hata gogo la mti uliokufa zamani hupata mahali pake katika mfululizo wa miaka. Mwaka 1937 Douglass alianzisha maabara ya uchunguzi wa pete za miti katika Chuo Kikuu cha Arizona, na taaluma hiyo ikaenea duniani.

Msitu wa kaskazini ulieleza nini?

Mfano mmoja mzuri unatoka kaskazini mwa Uswidi. Mwaka 1977 Olle Zackrisson alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba misitu ya huko, iliyodhaniwa na wengi kuwa tulivu, ilikuwa imepitiwa na moto mara kwa mara kwa karne nyingi. Mwaka 2000 watafiti Mats Niklasson na Anders Granström walichapisha kazi iliyokwenda mbali zaidi: walikusanya vipande vya miti yenye makovu kutoka sehemu nyingi za eneo moja, wakapanga kila moto kwa mwaka wake na kukadiria ulienea hadi wapi.

Picha waliyoipata haikuwa nyepesi. Kabla ya wakulima wahamiaji kufika, msitu ulikuwa tayari unaungua, kwa mioto michache iliyoenea sana. Watu walipoingia kuanzia karne ya 17, idadi ya mioto iliongezeka lakini ukubwa wake ulipungua. Kisha katika nusu ya pili ya karne ya 19, mbao zilipopata bei na moto ukaanza kuzuiwa, makovu yakawa adimu mno.

Kwa hiyo miti ya Uswidi haikusema kwamba wahamiaji ndio walioleta moto, wala haikusema kwamba hawakubadilisha kitu. Ilisema kwamba moto una mwenendo: huja mara ngapi, huenea kiasi gani, hupita wakati gani wa mwaka. Mwenendo huo hubadilika kila watu wanapobadili namna yao ya kuishi.

Makovu ya kaskazini hutoa habari moja zaidi. Huko moto hupita katika majira ya joto, wakati mti unakua. Kovu likiwa mwanzoni mwa pete, moto ulipita mapema katika msimu. Likiwa mwishoni mwa pete, moto ulichelewa. Mtafiti hupata mwaka na pia majira.

Je, miti ya miombo ina pete?

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba miti ya nchi za joto haina pete za kutegemewa. Ni kweli kwa miti mingi inayokua katika mvua za mwaka mzima, na mahali penye misimu miwili ya mvua, kama sehemu kubwa ya pwani ya Kenya, pete mbili zinaweza kutokea ndani ya mwaka mmoja. Lakini Nchelenge si hivyo. Mvua za Luapula, zinazozidi milimita 1,000 kwa mwaka, huanza kati ya Oktoba na Novemba na kukoma karibu na Aprili. Baada ya hapo ardhi hukauka kwa miezi mingi na miti hupumzika. Pumziko hilo moja la mwaka ndilo linaloweka mpaka wa pete.

Misitu inayozunguka ziwa hili ni sehemu ya miombo, ukanda mkubwa wa misitu ya wazi unaoanza Angola na kupita Zambia na kusini mwa Kongo hadi Tanzania na Msumbiji. Mmoja wa miti yake mikuu ni ule unaoitwa muputu kwa Kibemba na mtundu kwa Kiswahili cha Tanzania. Jina lake la kisayansi ni Brachystegia spiciformis. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtafiti kutoka Ubelgiji Valerie Trouet na wenzake walichunguza mti huo na kuonyesha kwamba pete zake ni za mwaka na kwamba upana wake hufuata mvua. Kazi yao ilifika Zambia, na matokeo ya huko yalichapishwa mwaka 2006.

Mti mwingine ni mninga, ambao Wabemba huuita mulombwa. Nchini Zimbabwe, Matthew Therrell, David Stahle na wenzao walitumia pete za mninga kutambua miaka ya mvua nyingi na ya ukame kuanzia mwaka 1796 hadi 1996. Miaka 200 ya hali ya hewa ilipatikana katika mbao ileile ambayo mafundi hutengenezea milango na vitanda.

Upo pia uthibitisho wa namna nyingine. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 yaliongeza angani kiwango cha kaboni yenye mnunurisho, na mimea ya dunia nzima iliivuta. Pete iliyokua miaka hiyo hubeba alama hiyo. Mtafiti akihesabu pete kutoka kwenye gome hadi kwenye alama, anaweza kujua kama mti umekuwa ukitengeneza pete moja kila mwaka au la.

Jambo moja dogo humchanganya anayeanza. Kusini mwa ikweta msimu wa mvua huanza mwaka mmoja na kuishia mwaka mwingine. Ili kuepuka mkanganyiko, wataalamu hukubaliana kuipa pete mwaka ambao ukuaji ulianza: pete ya mvua zilizoanza Novemba 2019 na kuisha Aprili 2020 ni pete ya 2019.

Kwa nini kumbukumbu ya Mweru ina mapengo

Ikiwa pete zipo na moto upo, kwa nini shina la muputu lisisomwe kama msonobari wa Uswidi? Sababu ziko kadhaa, na kila anayeingia msituni kutafuta kuni ameziona hata kama hakuwahi kuziunganisha.

Ya kwanza ni mchwa na ukungu. Msonobari una utomvu unaohifadhi mbao iliyojeruhiwa. Katika nchi ya joto na mvua, jeraha lililo wazi huoza, mchwa huingia, na miti mingi ya zamani huwa na uwazi ndani. Sehemu yenye miaka ya kale zaidi ndiyo inayoliwa kwanza.

Ya pili ni wepesi wa moto kurudi. Katika misitu ya kaskazini miaka mingi inaweza kupita kati ya moto na moto. Katika miombo nyasi huota upya kila masika, na eneo moja linaweza kuungua kila baada ya mwaka mmoja, miwili au mitatu. Mara nyingi moto huo ni wa chini na gome nene huukinga mti. Kwa hiyo shina lisilo na kovu halithibitishi kwamba moto haukupita. Linathibitisha tu kwamba haukuwa mkali kiasi cha kuua tabaka lililo chini ya gome.

Ya tatu ni utoto wa miti. Mche wa mninga huungua hadi chini, kisha huchipua tena kutoka kwenye mzizi, na unaweza kurudia hivyo miaka kadhaa kabla ya kupata nguvu ya kupanda juu. Miaka hiyo yote haionekani katika shina. Mti unaweza kuwa na pete 60 huku mzizi wake ukiwa mkongwe zaidi.

Ya nne ndiyo kubwa kuliko zote. Moto wa Mweru hupita wakati wa kiangazi, miti ikiwa imepumzika. Kovu la Juni na kovu la Septemba yote huangukia mahali pamoja, kwenye mpaka kati ya pete mbili. Mti unaweza kutaja mwaka wa moto, lakini ni vigumu mno kuufanya utaje mwezi. Nao mwezi ndio unaoamua kama msitu utaendelea kuwa msitu.

Viwanja vya Ndola

Uthibitisho wa jambo hilo upo ndani ya Zambia yenyewe. Mwaka 1933, karibu na Ndola, mtaalamu wa mimea Colin Trapnell alianzisha jaribio lililokuja kuwa miongoni mwa majaribio ya moto ya muda mrefu zaidi barani Afrika. Msitu wa miombo uligawanywa viwanja. Vingine vilikingwa na moto kabisa, vingine vilichomwa kila mwaka mwanzoni mwa kiangazi, na vingine vilichomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi.

Matokeo, aliyoyachapisha mwaka 1959, yaliweza kuonekana kwa macho. Viwanja vilivyokingwa vilizidi kuwa vinene, na mimea isiyopukutisha majani ikaanza kuingia chini ya miti mikubwa. Viwanja vilivyochomwa mapema vilibaki msitu wa miombo. Viwanja vilivyochomwa kwa kuchelewa vilipoteza miti yao kidogo kidogo, nyasi ndefu zikachukua nafasi, na moto wa kila mwaka uliofuata ukazidi kuwa mkali kwa sababu ya nyasi hizo.

Sababu inaeleweka. Mwezi wa Mei au Juni nyasi bado zina unyevu, moto huenda polepole, huruka sehemu zenye majani mabichi na mara nyingi hufifia usiku kwa baridi na umande. Mwezi wa Septemba au Oktoba kila kitu kimekauka na upepo ni mwingi. Zaidi ya hayo, miti ya miombo huchipua majani yake machanga, yale mekundu yanayopendeza, kabla ya mvua kuanza. Moto wa wakati huo huukuta mti umeshatumia akiba yake na kuyaunguza majani yaliyotokana nayo.

Watu wa nchi hii walikuwa na jina la mahali palipokwisha kubadilika hivyo. Katika bonde la Mweru na Bangweulu kuna aina ya uoto wa nyasi ndefu na miti iliyotawanyika unaoitwa chipya, neno la Kibemba linalotokana na kitenzi cha kuungua. Miti inayobaki katika chipya, mninga ukiwa mmojawapo, ni ile inayovumilia moto mkali. Muputu na mutondo, ambao ndio mhimili wa miombo, huvumilia kwa shida. Wataalamu wa mimea waliliazima neno hilo, na leo limo katika vitabu vya sayansi.

Mashahidi wengine: tope na setilaiti

Pale mti unaponyamaza, tope la ziwa linaweza kuendelea na habari. Kila msimu wa moto, chembe ndogo za mkaa hubebwa na upepo na mito hadi ziwani na kuzama. Nguzo ya tope ikitolewa chini ya ziwa, tabaka zake husomwa kuanzia juu hadi chini. Katika Ziwa Tanganyika, lililo kaskazini-mashariki ya Mweru, Sarah Ivory na James Russell walichunguza chembe za mkaa na chavua za mimea na mwaka 2016 wakachapisha historia ya moto na misitu inayorudi nyuma miaka 60,000. Tope halitaji mwaka mmoja mmoja kama pete, lakini linaonyesha kwamba moto katika ukanda huu ni wa kale kuliko kijiji chochote kilichopo na kuliko mpaka wowote uliochorwa.

Kwa upande wa miaka ya karibuni, shahidi ni setilaiti. Tangu mwaka 2000 vyombo vya angani vimekuwa vikinakili mioto ya dunia kila siku, pamoja na mahali na tarehe. Hizo ndizo kumbukumbu zinazoweza kutenganisha moto wa Juni na moto wa Septemba katika wilaya moja. Lakini haziendi nyuma hadi enzi za mababu, na hazijui nani alishika kiberiti.

Lawama ya zamani

Kumlaumu mtu mmoja kwa moto wa wengi si jambo jipya katika nchi hii. Mwaka 1906 utawala wa Kampuni ya British South Africa ulijaribu kupiga marufuku chitemene, kilimo cha watu wa nyanda za juu zilizo mashariki ya bonde la Luapula. Katika chitemene, mkulima hupanda juu ya miti na kukata matawi, huyarundika katika eneo dogo, huyachoma kabla tu ya mvua, na kupanda ulezi katika majivu. Kwa watawala huo ulikuwa uharibifu wa misitu. Kwa wakulima ulikuwa njia ya kupata rutuba katika udongo maskini. Marufuku hiyo ililegezwa baada ya miaka michache, kwa kuwa watu walihitaji kula.

Jambo ambalo marufuku haikuliona ni kwamba mkulima wa chitemene alikuwa na sababu yake mwenyewe ya kudhibiti moto. Moto wa nyika ukifika mapema kwenye matawi yake yaliyorundikwa na kabla hayajakauka vizuri, kazi ya miezi hupotea. Audrey Richards, aliyeishi miongoni mwa Wabemba na kuchapisha kitabu kuhusu chakula na kilimo chao mwaka 1939, alieleza jinsi siku ya kuchoma ilivyosubiri idhini ya chifu.

Ushahidi kama huo upo kuhusu chakula kingine. Viwavi wanaoliwa, ambao Wabemba huwaita ifishimu, hutegemea majani machanga ya mutondo na miti mingine ya miombo mwanzoni mwa mvua. Katika eneo la Kopa, wilayani Mpika, watafiti akiwemo Emmanuel Chidumayo wa Zambia walieleza mwaka 2002 jinsi jamii ilivyokuwa na taratibu zake: kuchunguza wadudu wanapotaga, kulinda misitu isiunguzwe kwa kuchelewa, na kupanga siku za kuanza kuvuna.

Taratibu hizo zilitegemea watu waliozijua na chifu aliyesikilizwa. Aliyefika juzi kutoka ng'ambo ya ziwa hawezi kufuata kalenda ambayo hakuna aliyempa. Hilo ni tofauti na kusema kwamba yeye ndiye chanzo cha moto. Kovu la mwaka 1990 au la 1970 katika kisiki cha Nchelenge, likipatikana, halitakuwa la mtu aliyefika mwaka 2017.

Kinachoweza kufanywa

Kwanza, visiki vina thamani. Biashara ya mukula, mti wa jamii ya mninga unaotafutwa kwa mbao yake nyekundu pande zote mbili za mpaka, imeondoa miti mingi mikubwa, na pamoja nayo kumbukumbu zilizokuwa ndani. Kipande cha kisiki kizima kilichokatwa, kilichokaushwa mahali pakavu na kuandikwa mahali kilipotoka na mwezi kilipokatwa, kinaweza kusomwa hata baada ya miaka mingi. Pete ya mwisho chini ya gome huwa na tarehe inayojulikana, na hapo ndipo hesabu huanzia.

Pili, mwezi ambao mti hauwezi kuutaja, watu wanaweza kuuandika. Daftari la shule au la kamati ya kijiji lenye tarehe ya kila moto, mahali ulipoanzia na mahali uliposimama, litakuwa na habari ambayo hakuna hadubini itakayoipata baadaye. Sheria ya Misitu ya Zambia ya mwaka 2015 na kanuni zake za mwaka 2018 zinatoa nafasi kwa jamii kusimamia misitu yao, na jamii inayosimamia msitu huhitaji kumbukumbu za namna hiyo.

Tatu, yanahitajika makubaliano kuhusu wakati. Ushahidi wa Ndola haumtaki mkulima aache moto kabisa. Unaonyesha kwamba moto wa mwanzoni mwa kiangazi, ukiongozwa na watu wenye matawi mabichi mikononi na njia zilizosafishwa kuzunguka mashamba na nyumba, huuacha msitu ukiwa msitu, na ule wa mwishoni huugeuza kuwa chipya. Makubaliano hayo yatafaa tu yakifahamika na kila anayewasha moto, kwa lugha anayoielewa: Kibemba kwa wengi, Kiswahili kwa wale waliokuja nacho kutoka Pweto, Moba na kwingineko.

Kiangazi kijacho moshi utatanda tena juu ya Mweru, na miti itakayojeruhiwa itaanza kufunika majeraha yake mvua zikirudi. Mtafiti atakayekata mojawapo baada ya miaka 50 ataweza kusema moto ulipita mwaka gani. Kama ulipita Juni au Septemba, atalazimika kuwauliza waliokuwapo, au kulifungua daftari lao.